Nahodha Asinyang'anywe Msumeno

Makala iliyochapishwa hivi karibuni inataka wenye majahazi na mashua wa Kibiti na delta ya Rufiji wakatazwe kujitengenezea mabenchi, rafu na vitanda vya ndani. Kila ubao, inasema, upigwe na fundi. Napinga.

Mkuku, mataruma na kalafati ni kazi ya fundi, hapo hatubishani. Lakini benchi la shetri si mkuku. Anayelala chomboni akisubiri maji yajae ndiye ajuaye rafu ikae wapi isimzuie kufua maji ya ngama usiku.

Mwandishi wa makala hiyo anaogopa kazi mbovu. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni maarifa. Sakafu iwe ya mbao za kunyanyuka, ngama ifikiwe upesi. Sanduku liwe na matundu ya hewa, maana unyevu uliofungiwa huozesha mbao. Rafu iwe na ukingo wa kuzuia vitu chombo kinapolala upande. Skrubu ziwe za shaba, zishike kwenye taruma, kamwe zisitoboe ubao wa nje. Plaiwudi ya kawaida iepukwe. Gundi yake huachia ikilowa.

Mwandishi amesahau pia msitu. Mikoko ya delta ni hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali. Anayegeuza mbao za mashua kuukuu kuwa benchi anaokoa mkomafi, mmoja wa mikoko hiyo, uliosimama.

Mafundi wapelekwe bandarini Nyamisati, wawafundishe mabaharia. Marufuku itawaacha watu wale wale wakipigilia misumari kwa siri, bila wa kuwaelekeza.