Nafasi ya kupanda daraja si gunia la mpunga!

Nimepotea kidogo, mambo ya tesiti na maandalizi ya kwenda kufundisha kwa vitendo. Jana hapa hosteli tumebishana mpira mpaka saa saba usiku. Jamaa walinizidi kelele, siyo hoja, kwa hiyo naimwaga hapa.

Wao wanasema timu ni mali ya mwenye hela, akitaka kuihamisha aihamishe. Mimi nasema HAPANA.

Angalieni Ihefu. Timu ya Ubaruku kule Mbarali, watu wa mpunga kama sisi wa Majimoto. 2020 ikapanda Ligi Kuu, 2021 ikashuka, 2022 ikapanda tena. Novemba 2022 Yanga wakaenda kwao wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakapigwa 2-1. Nchi nzima ikajua Mbarali iko wapi! Halafu? 2024 timu ikahamishiwa Singida, ikaitwa Singida Black Stars. Mama wa maandazi na wenye gesti wakabaki na uwanja.

Jamani, ngazi yenyewe mnaijua? Ligi ya wilaya, ya mkoa, Mabingwa wa Mikoa, First League (ile tuliyoiita daraja la pili mpaka 2021), Championship, ndipo Ligi Kuu. Kwetu vijana wanaenda kucheza ligi ya wilaya juu ya fuso, wamekalia magunia, jezi za kuchangishana. Wapande ngazi zote hizo, halafu mtu aje na hela abebe timu? Ni sawa na mtoto wa Majimoto afaulu, halafu nafasi yake ya fomu faivu auziwe mtoto wa mwingine. Mwalimu gani atakubali?

Na msiniambie TFF haina meno. 2016 kwenye daraja la kwanza kundi C, siku ya mwisho Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora 7-0. Zikashushwa, pamoja na zile zilizofungwa. Mbao ya Mwanza ikapanda, na 2017 ikacheza fainali ya Kombe la FA. Ukilinda ngazi, wanyonge wanapanda.

Najua bila tajiri timu inakufa njaa. Sawa, aje, anunue hisa, alipe mishahara, ila timu ibaki ilipopandia. Akitaka kuihamisha mkoa, aanze ligi ya wilaya kama sisi.

Majirani zetu Kigoma na Tabora walipandisha timu 2023. Sisi Katavi, tangu mkoa uanze 2012, bado. Siku yetu ikifika, sitaki tuamke tukute tumebakiwa na uwanja.

Haya, wapinzani wangu wa chumbani, maoni yapo hapo chini. Msije na kelele, njooni na hoja!