TUSINGOJE LABORATUARI

Ndugu wanafunzi wenzetu,

Kila mara somo la biolojia likiisha, tunasikia neno moja tu ku mlango: "Tungekuwa na laboratuari, tungejua kitu." Sisi pia tulisema vile. Leo tunaona ya kama neno hilo nusu ni kweli, nusu ni uvivu.

Tuangalie mtu mmoja. Charles Henry Turner, mtu mweusi wa Marekani, alizaliwa mwaka 1867 kule Cincinnati. Mwaka 1907 alipata udaktari wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Chicago. Hata vile, hakupata kazi katika chuo kikuu kikubwa cha utafiti, na wengi wanaona ni juu ya rangi ya ngozi yake. Toka 1908 mpaka 1922 alifundisha Sumner High School, shule ya watoto weusi mjini Saint Louis. Mwalimu wa sekondari tu, sawa na wale wanaotufundisha sisi!

Alifanya nini? Watu waliulizana kama nyuki anaona rangi. Turner alienda mu bustani ya mji, akaweka vibao vyekundu vyenye asali. Nyuki wakazoea. Kisha akaweka vya bulu bila asali: nyuki wakavipita, wakafuata vyekundu. Andiko lake lilitoka mwaka 1910. Maisha yake yote aliandika makala karibu 70.

Mwingine atasema: lakini swali halikuisha. Ni kweli. Labda nyuki walitenganisha giza na mwangaza tu, si rangi yenyewe. Mwaka 1914 Karl von Frisch, mtu wa Austria, alionyesha ya kama nyuki waliozoezwa kwa karatasi ya bulu wanaitambua katikati ya karatasi za kijivu, nzito na nyepesi. Leo tunajua jicho la nyuki lina chembe za kupokea mwangaza za namna tatu: za kijani, za bulu, na za ule mwangaza wa jua ambao macho yetu watu hayauoni. Nyekundu hawaioni vizuri. Basi, kazi ya mmoja ilimwachia mwenzake swali zuri.

Wakubwa wetu wasichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kutusahau. Turner alinyimwa, na kunyimwa si jambo la kusifu. Mikroskopi tutaendelea kuiomba, bila haya. Lakini nyuki wako ku maua ya maboga nyuma ya darasa. Karatasi iko. Sukari kidogo ya kutia mu maji iko. Tuanze juma hili, tuandike mu daftari kile tulichoona, hata tukikosea.

Siku mikroskopi itakapofika, itukute na maulizo, si na mikono mitupu.

Sisi wa mwaka wa tano, biolojia na shimi