Kenya: Ufukwe ni wa umma, lakini njia ya kuufikia ni ya nani?

Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma. Mvuvi, mtalii, mwanafunzi aliye likizoni na muuza madafu wana haki sawa ya kukanyaga mchanga huo. Hata hivyo, mtu hawezi kuufikia mchanga bila kupita mahali fulani. Iwapo viwanja vyote vinavyopakana na bahari vimezungushiwa kuta, ufukwe hubaki kuwa wa umma kwa jina tu, na matumizi yake yakawa ya wenye viwanja.

Suala hilo ndilo lililokuwa kiini cha shauri kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ambalo Mahakama ya Juu ya Kenya ililitolea uamuzi tarehe 21 Aprili 2023. Uamuzi huo umezungumzwa zaidi na mawakili, mabenki na wanunuzi wa ardhi, kwa kuwa ulitikisa imani ya wengi kwamba hati ya umiliki ikishatolewa haiguswi. Lakini asili yake ilikuwa jambo la kawaida kabisa katika uendeshaji wa mji: kipande cha ardhi ya wazi mtaani Nyali, na halmashauri iliyotaka wakazi wapate njia ya kwenda baharini.

Ukuta ulioangushwa

Mwezi Septemba 2017, Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia katika kiwanja hicho na kuubomoa ukuta uliotazama bahari, kwa lengo la kufungua njia ya umma ya kwenda ufukweni. Kampuni iliyokimiliki ilikwenda mahakamani ikidai kwamba haki yake ya kumiliki mali imevunjwa. Ilieleza kuwa ilikinunua kiwanja kwa mmiliki aliyesajiliwa, naye alikuwa amekipata kwa mmiliki aliyemtangulia, na kwamba kila hatua ya uuzaji iliandikwa katika daftari la serikali.

Kaunti ilijibu kwa kurudi nyuma hadi kwenye mzizi wa hati yenyewe. Mmiliki wa kwanza kusajiliwa, mwaka 1989, alikuwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kabla ya hapo, eneo hilo lilikuwa limetengwa kuwa ardhi ya wazi kwa matumizi ya umma. Kwa hiyo, kwa hoja ya kaunti, hapakuwa na kiwanja cha kugawa: kilichotolewa kwa mtu binafsi kilikuwa tayari mali ya wakazi wote.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikubaliana na kaunti. Mahakama ya Rufaa ikakubali pia. Mahakama ya Juu ikahitimisha kwamba hati ni matokeo ya mchakato, na mchakato ukiwa na kasoro tangu mwanzo, hati inayozaliwa nao haiwezi kupata ulinzi wa sheria. Katiba yenyewe inasema kuwa ulinzi wa haki ya mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mnunuzi naye hawezi kujikinga kwa kusema tu kwamba alilipa fedha zake kwa nia njema, ikiwa uchunguzi wa kina wa historia ya ardhi ungemwonyesha kuwa ilikuwa ya umma.

Ili kuielewa hali hiyo, ni lazima kukumbuka jinsi ardhi ya serikali ilivyokuwa ikigawiwa kabla ya Katiba ya sasa. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa rais na Kamishna wa Ardhi, jijini Nairobi. Watu wa mtaa husika wangeweza kugundua kwamba uwanja wao umegawiwa siku walipoona nguzo za uzio zikichimbiwa. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha kuwa viwanja vya michezo, maeneo ya shule, misitu na hifadhi za barabara vilikuwa vimepewa watu binafsi katika kila pembe ya nchi.

Mamlaka yaliyosogezwa karibu na raia

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuubadilisha utaratibu huo. Ilianzisha kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na katika Jedwali la Nne ikaorodhesha majukumu yake. Orodha hiyo ni ya mambo ya maisha ya kila siku: maktaba, majumba ya makumbusho, leseni za pombe, udhibiti wa wanyama, masoko, maegesho ya magari. Humo ndimo zilimotajwa pia bustani, fukwe na maeneo ya burudani ya kaunti. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa dhamana kwa niaba ya wakazi, na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi.

Neno dhamana lina uzito wake hapa. Anayeshika mali kwa dhamana hana ruhusa ya kuiuza akiishiwa, wala kumpa rafiki akimpenda. Bila mabadiliko hayo, huenda isingekuwapo Mombasa mamlaka ya kieneo yenye sababu na uwezo wa kukidai kiwanja cha Nyali.

Lakini kukisogeza kiti cha maamuzi karibu na raia hakukiondolei vishawishi. Kaunti zinahitaji mapato yake zenyewe, na ardhi ya wazi iliyo katikati ya mji au kando ya maji ni chambo kinachovutia wawekezaji. Kaunti ileile inayovunja ukuta leo inaweza kesho kukodisha sehemu ya bustani kwa mwenye mkahawa, kisha mkahawa ukazaa uzio, na uzio ukazaa lango lenye mlinzi. Hapo hakuna ardhi iliyouzwa, lakini mtoto wa mtaani hapiti tena.

Historia ya Nairobi inaonyesha kuwa tishio hilo si la kufikirika. Mwaka 1989, mwaka uleule wa hati ya Nyali, kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliupinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa hadharani na wanasiasa, na hatimaye mpango ukaachwa. Mwezi Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walirushiwa mabomu ya kutoa machozi na polisi walipokuwa wakipinga kuzungushiwa ukuta kwa uwanja wao wa kuchezea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya ardhi ya umma, ufa usipozibwa ni mwingine ndiye anayeujenga ukuta, na raia huachwa nje.

Upande wa pili wa shauri

Uamuzi wa mwaka 2023 una wakosoaji, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Mnunuzi wa kawaida hana uwezo wa kufukua mafaili ya miaka 30 iliyopita ili kujua kama kiwanja kiliwahi kuwa uwanja wa watoto. Anachokijua ni daftari la serikali, na daftari hilo ndilo linalomwambia kuwa muuzaji ni mmiliki halali. Benki inayotoa mkopo kwa dhamana ya hati nayo hutegemea maneno ya ofisi ileile. Serikali inapotoa hati kwa mkono mmoja na kuibatilisha kwa mkono mwingine, gharama humwangukia aliyenunua mwisho, huku aliyefaidika mwanzo akiwa ameshaondoka na fedha.

Kuna pia suala la namna ukuta ulivyoangushwa. Kaunti ilibomoa kwanza, na mahakama ikathibitisha baadaye. Safari hii kaunti ilikuwa upande wa haki. Lakini tingatinga halina rufaa. Halmashauri inayozoea kubomoa kabla ya hukumu siku moja itavunja nyumba ya mtu asiye na kosa, na mara nyingi huyo atakuwa mkazi wa kibanda asiyeweza kulipa wakili wa kumfikisha hadi Mahakama ya Juu.

Hoja hizi haziondoi msingi wa hukumu, ila zinaonyesha mahali ambapo kazi haijakamilika. Hukumu imesema ardhi ni ya umma. Haikuipima njia ya miguu, haikuweka alama za mipaka, haikusema lango litafunguliwa saa ngapi, wala nani ataruhusiwa kuuza mihogo na madafu kandokando. Hayo yote hubaki kuwa kazi ya kaunti, na chombo chake ni sheria ndogo.

Sheria ndogo, athari kubwa

Raia wengi huzichukulia sheria ndogo za miji kuwa mambo ya makarani. Ukweli ni kwamba ndizo zinazomgusa mtu mapema zaidi kuliko sheria za bunge la taifa. Ada ya kuingia bustanini, kibali cha kufanyia harusi uwanjani, faini ya mchuuzi, saa za kufunga, marufuku ya kuogelea au ya kupiga muziki: yote hayo hupitishwa katika bunge la kaunti, mara nyingi ndani ya Sheria ya Fedha inayojadiliwa kila mwaka mbele ya viti vitupu vya wananchi. Ada ndogo inayoonekana nafuu kwa mwenye gari ni nauli ya kurudi nyumbani kwa familia iliyokuja kwa miguu.

Katiba ya Kenya inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na hairuhusu kikao kufungiwa umma isipokuwa kwa sababu za kipekee. Sharti hilo lina meno. Mwaka 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kuwa bunge la kaunti lina wajibu wa kuutafuta umma kwa kila njia inayofaa: makanisani, misikitini, katika mahekalu, kwenye mabaraza ya hadhara, na kupitia redio za taifa na za lugha za wenyeji. Tangazo moja gazetini, katika lugha ambayo nusu ya mtaa haiisomi, halitoshi.

Funzo kwa miji ya Uganda

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili hapa Uganda, yanayotokea pwani ya Kenya si habari za mbali. Tarehe 1 Julai 2020, miji saba ilipandishwa hadhi kuwa majiji: Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Mbale na Masaka. Mji ukiitwa jiji, bei ya ardhi hupanda, na ardhi isiyojengwa huanza kutazamwa kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Sheria za Uganda zina misingi inayofanana na ile ya Kenya. Ibara ya 237 ya Katiba inazitaka serikali kuu na serikali za mitaa kushika kwa dhamana maziwa, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na ardhi nyingine iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii. Kanuni za mwaka 2000 zinaweka eneo la ulinzi la mita 200 kando ya maziwa makubwa, likiwemo Ziwa Viktoria. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kuanzisha na kutunza bustani na viwanja vya burudani. Muswada wa sheria ndogo uliopitishwa na baraza la wilaya au la jiji hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ili athibitishe kuwa haukinzani na Katiba, kabla ya kutiwa saini.

Tofauti kati ya misingi hiyo na maisha halisi hupatikana kwenye makabrasha. Kaunti ya Mombasa ilishinda kwa sababu iliweza kuonyesha mahakamani kwamba ardhi ile ilitengwa kuwa ya wazi kabla ya mtu yeyote kupewa hati. Uwanja ambao haujapimwa, haumo katika mpango wa mji, wala haukutajwa katika kumbukumbu za kikao chochote, hauna shahidi siku ya kesi. Wazee wanaweza kuapa kwamba walicheza mpira pale tangu utotoni, lakini wakili wa upande wa pili ataweka hati mezani.

Kwa hiyo, mkazi anayeipenda bustani ya mtaa wake hana haja ya kusubiri tingatinga. Anaweza kumuuliza diwani wake maswali manne kikao kikiwa bado hakijafanyika: je, eneo hili limepimwa na kuwekewa mipaka? Je, limo katika mpango wa mji ulioidhinishwa? Limesajiliwa kwa jina la nani? Na ni sheria ndogo ipi inayosema litumike vipi, na kwa ada gani? Diwani akikosa jibu kwa hata moja kati ya hayo, ufa umeonekana, na kuuziba kwa kalamu sasa ni kazi ya kikao kimoja. Mombasa, kuanzia kutolewa kwa hati hadi hukumu ya mwisho, ilichukua miaka 34.