TUSINGOJE KUCHANGIA SANDA

Msiba ukitokea Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, hakuna mtu wa kufundishwa la kufanya. Kabla ya jua kutua turubai limekwisha fungwa, viti na masufuria yamekwisha letwa, na daftari la mchango linapita nyumba hata nyumba. Mbeba mizigo wa sokoni huandika shilingi zake elfu moja, mwenye duka huandika zake elfu kumi, na mama muuza vitumbua asiye na fedha siku ile huja na kuni na mikono yake. Maiti huzikwa kwa heshima. Desturi hii ni njema, nasi hatuna nia ya kuipunguzia sifa hata kidogo.

Lakini twapenda kuwauliza ndugu zetu swali moja, nasi twajiuliza wenyewe pia. Marehemu huyo, katika miezi ile aliyokuwa amelala ndani kwake, ni nani aliyempitishia daftari? Ni nani aliyemwuliza kama anayo nauli ya kwenda kliniki, au kama amepata chakula kabla ya kumeza dawa? Mara nyingi jibu ni kimya. Fedha iliyokosekana yeye akiwa hai hupatikana mara kumi akiwa maiti.

Twasema haya kwa ajili ya maradhi yote, lakini hasa kwa ajili ya UKIMWI, maana hapo ndipo ukimya wetu umekuwa mzito kupita mahali pengine popote.

Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa nchini mwaka 1983, mkoani Kagera. Ilipofika mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Bara uliosalimika. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa aliyatangaza maradhi haya kuwa janga la taifa, na baadaye ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Katika miaka ile hospitali zetu hazikuwa na dawa ya kufubaza virusi, na mgonjwa aliambiwa arudi nyumbani. Huko nyumbani alipokewa na nani? Alipokewa na mama yake, na dada yake, na bibi yake, ambao walimwosha, wakampikia uji, wakakaa naye usiku. Na wapo wananchi wachache waliokataa kuwaacha akina mama hao peke yao. Mwaka 1989, hapa Dar es Salaam, Mama Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, chama cha Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wenye virusi kilianza kukutana chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, na katika kikundi hicho ikazaliwa PASADA, yenye makao yake Temeke. Watu hao hawakungoja dawa ipatikane ndipo waanze kutunza. Yafaa wakumbukwe kama wanavyokumbukwa mashujaa wengine wa nchi hii.

Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika, na ni wajibu wetu kuyasema. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima hadharani pale Mnazi Mmoja, ili mwananchi wa kawaida aondokewe na hofu. Tangu mwaka 2016 kila anayepimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungojea mwili wake udhoofike. Mtu anayemeza dawa kila siku, virusi vikafubaa hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Na mama mjamzito akitumia dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima waliokuwa wakitumia dawa, asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Hiyo ni kazi kubwa, na waliyoifanya ni waganga, wauguzi na wagonjwa wenyewe.

Hata hivyo utafiti ule ule ulituonyesha upande wa pili. Asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, nao ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa wanawake ni asilimia 5.6, na kwa wanaume ni asilimia 3. Na karibu mmoja katika kila sita wa watu hao hakujua kuwa anavyo. Kwa nini katika nchi ambayo kupima ni bure na dawa ni bure pawe na ndugu zetu wengi namna hiyo walio nje ya mlango?

Jibu moja ni umaskini. Dawa ni bure, lakini njia ya kuifikia si bure. Mwanamke wa Chamazi au Mabwepande anayekwenda kliniki huamka alfajiri, hulipa nauli ya daladala kwenda na kurudi, hungoja zamu yake mpaka mchana, na siku hiyo hauzi kitu. Kwa mtu wa mshahara, hiyo ni siku moja ya ruhusa. Kwa kibarua wa kiwandani Chang'ombe, na kwa mchuuzi wa maandazi, siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula kwa nyumba nzima. Tena anayemeza dawa anahitaji kula. Aliyekwisha tulia katika matibabu hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na hilo limepunguza adha. Lakini anayeanza, na mgonjwa aliyezidiwa, na mtoto, hao bado wanakwenda mara kwa mara. Na bibi anayelea wajukuu yatima ana adha yake nyingine: ada ya shule ya msingi na ya sekondari imeondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha jioni havikuondolewa.

Jibu la pili ni aibu, na hili ni letu sisi majirani. Wapo watu wanaoikimbia kliniki iliyo karibu na nyumba zao, wakalipa nauli kwenda ya mbali, ili wasionwe benchini na mtu wa mtaani. Wapo wanaobandua karatasi ya chupa ya dawa kabla ya kuingia nyumbani. Wapo waliofukuzwa vyumba vya kupanga, wakaambiwa kodi imepanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumezoea kumtupia mgonjwa methali hiyo kama kwamba kosa ni lake. Tujiulize, amefundishwa na nani kuyaficha? Yeye ameona jinsi mwenzake aliyeyataja alivyosemwa kisimani na barazani, akachagua kunyamaza.

Basi hapa ndipo yalipo mashaka ya jambo lenyewe. Tukitaka kumsaidia mgonjwa hatuna budi kumjua; na tukimjua, siri yake i hatarini. Wengine wamesema kwa hiyo tusiingilie, tuwaachie wataalamu na mashirika. Sisi hatukubali. Iko njia, nayo ni nyepesi: tumsaidie mgonjwa bila kumwuliza jina la ugonjwa wake.

Tunapendekeza kila shina na kila mtaa uwe na mfuko wa wagonjwa, kama ulivyo na mfuko wa misiba. Mfuko huo usiitwe wa UKIMWI. Uwe wa kila aliyeugua kwa muda mrefu, awe na kifua kikuu, sukari, saratani, moyo, au maradhi asiyopenda kuyataja. Kila daftari la msiba, na kila kamati ya harusi, itenge fungu dogo kwa ajili ya mfuko huo. Wananchi wamchague mtu mmoja au wawili wanaoaminika kwa ulimi wao, na mwenye haja aende kwao aseme tu: nina mgonjwa, sina nauli, au nina watoto, hawajala. Asidaiwe cheti. Fedha ya nauli na ya unga ni ndogo. Na jirani anayelala ukuta mmoja na mgonjwa anajua bila cheti kwamba yule hajaonekana nje tangu juma lililopita. Mwenye tamaa akidanganya mara moja, mfuko utapoteza nauli ya siku moja. Mgonjwa wa kweli akikosa, twaweza kumpoteza yeye.

Yatasemwa kwamba mambo haya si kazi ya Chama. Sisi twauliza, kazi ya Chama ni ipi basi? Tangu siku za TANU tulijulishwa maadui wetu watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na katika nyumba ya yatima wa Yombo maadui wote watatu wamekaa pamoja. Mwanachama anapoingia katika Chama anaahidi kwamba binadamu wote ni ndugu zake, na kwamba fitina kwake ni mwiko. Ahadi hizo hazitimizwi kwa kuvaa sare siku ya mkutano. Balozi wa shina anayejua idadi ya kadi alizonazo lakini hajui nyumba iliyolala na njaa hajalijua shina lake. Na balozi atakayeitoa siri ya mgonjwa barazani amevunja ahadi yake kwa Chama, na tena amevunja sheria ya nchi, kwa kuwa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa na inakataza kumnyanyapaa.

Jambo jingine lisisahauliwe. Mfuko wa wagonjwa ni wa mtaa mzima. Mgonjwa asiulizwe kadi, wala dini, wala alikotoka. Tukianza kuhesabu nani ni wetu, tutakuwa tumeiharibu kazi kabla haijaanza.

Kwa wafanyakazi tuna neno la peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi, na inampa mfanyakazi mgonjwa likizo ya ugonjwa. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yahakikishe kwamba sheria hiyo inafahamika karakanani, na siyo kukaa kabatini kwa meneja. Lakini vibarua wengi hawana mkataba wowote, na kwao sheria iko mbali. Hapo ndipo umoja wa wafanyakazi unapopimwa: mwenzako akiwa na siku ya kliniki, mshikie zamu yake, naye atakushikia yako siku ukiwa na shida. Usimwulize anakwenda kutibiwa nini.

Twajua kwamba mfuko wa mtaa hauwezi kununua dawa. Hiyo ni kazi ya taifa, na hapa yatupasa kusema kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za dawa, vipimo na hata mishahara ya baadhi ya wahudumu imetoka nje, hasa Marekani, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 2003. Tunawashukuru waliotusaidia, maana watu wengi wako hai kwa ajili ya msaada huo. Lakini Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili iipitie upya, na kwa siku chache tu mtikisiko ulifika mpaka kliniki za mitaani kwetu, baadhi ya wahudumu wakasimama kazi, na wagonjwa wakaanza kuulizana kama dawa zitakuwapo mwezi ujao. Kauli ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari ilimnyima usingizi bibi wa Temeke. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya juu ya kutegemea fedha za wengine, na onyo hilo halijachakaa. Mfuko wa UKIMWI wa taifa umekwisha kuwapo, na tunaitaka Serikali iujaze mwaka hata mwaka kwa fedha ya nchi, hata kama barabara fulani itangoje. Na wale wahudumu wa afya wa jamii, ambao kwa miaka mingi wamezunguka vichochoroni kwa kujitolea, walipwe kwa wakati, maana wao ndio miguu ya hospitali.

Lakini hatuwezi kuidai Serikali ijitegemee huku sisi wenyewe tukingoja mashirika yatulishie majirani zetu. Kujitegemea kuanzie uani. Nchi ambayo wananchi wake wanaweza kukusanya, kwa jioni moja, fedha ya sanda, jeneza, wali na basi la kwenda makaburini, haiwezi kusema kwamba haina nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki. Fedha iko. Kilichokosekana ni mazoea ya kuitoa mapema.

Ndugu mwanachama, ndugu mfanyakazi, mkutano wa shina lako unaofuata usimalizike bila jambo hili kuzungumzwa. Kabla ya kwenda mkutanoni, tazama nyumba tatu za kuume kwako na tatu za kushoto. Kama iko moja ambayo mlango wake hufunguliwa nusu tu, bisha hodi. Nenda na unga kidogo, au mafuta ya taa, au nauli. Usiulize neno. Sema umekuja kujulia hali.