Biti butu si takataka

Haya wasomaji wangu, leo siandiki siasa. Najua mmezoea kunikuta nikilalamikia madiwani na barabara, lakini leo naomba tuzungumzie kitu kidogo kuliko kidole: biti ya kutobolea chuma.

Nilikuwa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, kwa kazi za gazeti. Keria ya pikipiki niliyopanda ikakatika, tukaingia kwa fundi anayechomelea mageti na madirisha. Kijana wake akashika drili atoboe matundu mawili ya boliti. Drili ikalia kama mbuzi anayechinjwa, moshi ukatoka, chuma hakikutoboka. Kijana akaichomoa biti, akaitupa kwenye kopo lililojaa nyingine za aina hiyo, akanyoosha mkono: "Fundi, nipe hela nikanunue nyingine."

Mzee akamjibu, "Irudishe hiyo. Haijafa, imechoka tu."

Akavaa miwani, akawasha grainda ya mezani, akaigusisha biti kwenye jiwe, upande huu mara tatu, upande ule mara tatu. Dakika chache tu. Safari hii chuma kilitoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja. Matundu mawili yalikwisha kabla sijamaliza soda yangu.

Jamani, mimi na digrii yangu nilikuwa naamini biti ikiisha makali ni takataka. Nikamwomba mzee anieleze. Akasema siri ni mambo matatu.

Kwanza pembe. Ncha ya biti ya kawaida huwa na nyuzi 118, na ya vyuma vigumu huwa 135. Utapimaje pembe Kiomboi bila kipimo cha dukani? Mzee alichukua nati mbili za pembe sita, akazibananisha ubavu kwa ubavu. Pengo linalobaki kati yake ni nyuzi 120. Ncha ikikaa vizuri humo, kazi imekubali.

Pili, makali mawili yalingane urefu. Upande mmoja ukiwa mrefu, tundu linakuwa pana kuliko biti yenyewe, na boliti inacheza. Dalili yake ni nyepesi: nyuzi za chuma zinatoka kwenye mfereji mmoja tu badala ya yote miwili.

Tatu, nyuma ya makali pashuke kidogo. Pasiposhuka, biti inasugua tu, haikati, hata ukiikandamiza kwa uzito wa mwili mzima. Kijana yule alikuwa anakandamiza kweli kweli!

Sasa hoja yangu. Wapo watakaosema haya mambo ya kunoa kwa mkono ni ya kizamani, zinunuliwe mashine maalumu za kunolea. Siwapingi moja kwa moja. Kiwanda kinachotoboa matundu maelfu kwa siku kinahitaji mashine, kwa sababu inatoa pembe ileile kila mara, na mkono uliochoka hauwezi. Biti nyembamba sana nazo zinasumbua jicho na vidole. Lakini mashine hizo huwa na mwisho wa unene zinaoupokea, na jiwe lake nalo huisha. Likiisha ukiwa Kiomboi utafanyaje? Utapanda basi hadi Singida mjini, au utaagiza Dar es Salaam, wakati grainda ya mezani fundi anayo tayari.

Na mashine haimfundishi mtu kuona. Anayejua kunoa kwa mkono ataitumia mashine vizuri na atajua ikikosea. Asiyejua atatumbukiza biti, aitoe, na isipokata atarudi palepale: "Fundi, nipe hela."

Mkono nao una mipaka, tusidanganyane. Biti za ukutani zenye ncha ya kabaidi hazinoleki kwa jiwe la kawaida la kijivu; zinataka jiwe la kijani au la almasi. Na jiwe linalozunguka halina utani na macho. Yule mzee alivaa miwani, lakini ni gereji ngapi umepita ukakuta kijana anasaga chuma huku amekunja uso tu, kana kwamba kope ni ngao?

Halafu tukumbuke tuko wapi. Iramba hiihii ndipo ilipo Sekenke, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1907 wakati wa Wajerumani. Dhahabu ya huko ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Katika migodi ya enzi hizo duniani kote, mhunzi wa kunoa vyuma vya kutobolea miamba alikuwa mtu wa lazima. Akilala yeye, mgodi mzima unalala. Leo mnoaji tunamwona mtu wa kubangaiza.

Pendekezo langu ni dogo. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa kuchomelea kikiomba mkopo, orodha yao iwe na grainda ya mezani, mawe ya akiba na miwani, sio jenereta na mashine ya kuchomelea peke yake. Na vyuo vya ufundi vimpe mwanafunzi biti butu siku ya mtihani, vimwambie: noa, kisha toboa. Asiyeweza arudi darasani.

Hela inayoishia kwenye kopo la biti ni hela ya fundi mdogo, ambaye faida yake kwa dirisha moja ni ndogo mno. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Hawakusema mwenye kisu kipya.

Nilipoondoka, kijana alikuwa amemwaga lile kopo lote mezani, anachambua zinazofaa kunolewa. Mzee amesimama nyuma yake, kimya. Wewe huko uliko, mafundi wenu wananoa au wanatupa?