MANENO YA BWANA SHAMBA: Jembe Lisilotumika Hushika Kutu

Leo tuyaache kidogo mahindi na mbolea. Tuzungumze juu ya kusoma.

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa wakulima. Baba mmoja alisimama. Alikuwa amemaliza darasa la kisomo. Akaniuliza, "Bwana Shamba, herufi nimezijua. Jina langu naliandika. Sasa nisome nini? Na nisome saa ngapi? Asubuhi niko shambani. Jioni niko na ng'ombe. Usiku nimechoka."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Swali lake ni kubwa. Leo nitamjibu yeye na wewe pia.

Kwanza nitakueleza habari za bibi yangu.

Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 wa Tanzania, watu kama 67 hawakujua kusoma. Serikali ilitangaza kuwa 1970 ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miti, makanisani, misikitini na kwenye maghala ya pamba. Mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama 10 katika kila 100. Kazi kubwa ilifanyika.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wale. Alikuwa mkulima wa pamba. Alifanya mtihani wa kisomo mwaka 1977, akashinda. Alipewa cheti. Alikikunja vizuri, akakiweka ndani ya sanduku pamoja na kanga zake mpya. Kisha akarudi shambani. Nyumbani hapakuwa na kitabu. Hapakuwa na gazeti. Miaka ikapita.

Mwaka 1991 mimi nilikuwa darasa la nne. Siku moja ilikuja barua kutoka kwa baba yangu mdogo aliyekuwa mjini. Bibi aliipokea. Akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akaitazama tena. Kisha akaniita pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, nisomee. Herufi zimenikimbia."

Bibi aliona haya. Nilimwona akifuta macho kwa upindo wa kanga. Cheti kilikuwamo sandukuni, lakini kisomo kilikuwa kimetoka.

Ndugu msomaji, jembe lisilotumika hushika kutu. Hata likiwa jipya. Hata likiwa na risiti ya dukani.

Je, bibi alifanya nini? Hakukata tamaa. Kila jioni, baada ya kula, alisema, "Lete kitabu chako cha shule." Tulisoma pamoja ukurasa mmoja tu. Siku za kwanza alisoma neno moja kwa muda mrefu. Baada ya miezi mitatu alisoma barua ile mwenyewe. Aliisoma kwa sauti, mara mbili, na jirani walisikia.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kupenda vitabu. Nilifunzwa na mwanafunzi wangu.

SASA, NISOME SAA NGAPI?

Mimi pia nina kazi nyingi, lakini nasoma kila siku. Nitakueleza ninavyofanya.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja niko njiani. Katika mfuko wangu mna vitu vinne: daftari, kalamu, futi ya kupimia na kitabu kimoja. Kitabu nimekifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu ya mvua na vumbi.

Nikifika kijijini mkutano haujaanza. Wewe unajua mikutano yetu. Tunaambiwa saa tatu, watu wanafika saa nne na nusu. Zamani nilikaa nikinung'unika. Siku hizi nakaa chini ya mwembe, nasoma. Mwenyekiti akifika, nimemaliza kurasa mbili au tatu.

Mchana sisomi kitabu. Nasoma vitu vya kazi. Nasoma maandishi ya mfuko wa mbolea. Nasoma kibandiko cha chupa ya dawa. Nasoma daftari la mkulima. Huko nako ni kusoma.

Jioni nikirudi naoga, nakula, nasikiliza taarifa ya habari ya redio. Mara mbili kwa wiki nacheza bao na wazee. Mtu hawezi kufanya kazi tu bila kupumzika. Kisha, kabla ya kulala, mmoja wetu nyumbani husoma kwa sauti. Leo mimi, kesho mke wangu, kesho kutwa mtoto. Wengine husikiliza huku wakipukuchua mahindi. Kazi haisimami, na hadithi haisimami.

Jumapili nasoma kitabu cha kujifurahisha. Usidhani kwamba kusoma ni mafunzo tu. Kitabu ninachokipenda zaidi ni "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka" cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Kinaeleza habari za mtu na mkewe, na jinsi watu wa Ukerewe walivyolima, walivyovua samaki, walivyojenga na walivyotibiana. Ni kitabu kinene. Nilipokiona mara ya kwanza niliogopa. Lakini nilikisoma kidogo kidogo, mpaka nikakimaliza.

Fanya hesabu hii. Ukisoma kurasa 2 kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 umesoma kurasa 60. Kwa mwaka umesoma kurasa 730. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu mwingine atasema, "Wewe ni mfanyakazi wa Serikali, una nafasi." Basi mkumbuke Mwalimu Julius Nyerere. Alianza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Alipokuwa Rais, kazi yake ilikuwa nzito kuliko yangu na yako. Hata hivyo alipata saa za kutafsiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Mwingereza William Shakespeare. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama. Huko alilima, alicheza bao, alisoma na aliandika. Aliacha nyumba yenye maelfu ya vitabu. Jembe na kitabu havigombani.

NILIPOACHA KUSOMA, NILILETA HASARA

Sasa nataka kukiri kosa langu. Sipendi kulieleza, lakini litakusaidia.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja katika kata yangu alikuja na chupa ya dawa ya kuua wadudu. Maharage yake ya nusu ekari yalikuwa yameshambuliwa. Akaniuliza, "Bwana Shamba, niweke vizibo vingapi katika bomba?" Nilikuwa na haraka. Niliitazama chupa kwa mbali. Rangi yake ilikuwa ile ile ya dawa niliyoizoea. Nikamjibu, "Vizibo vitatu." Nikapanda pikipiki yangu, nikaondoka.

Dawa ile haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa kali zaidi. Kibandiko kilisema kizibo kimoja tu kwa bomba la lita 20. Baada ya siku tatu majani ya maharage yalikauka pembeni. Baada ya wiki moja shamba lilikuwa kama limepitiwa na moto.

Nilikwenda kwake. Nilijua nimekosea. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, alileta chupa. Akasoma kibandiko mbele yangu, polepole, neno kwa neno. Mama yule hakunitukana. Alisema tu, "Bwana Shamba, wewe ndiye uliyetuambia tusome kwanza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nilinunua kilo 15 za mbegu kwa fedha yangu. Tulipanda tena pamoja, yeye, binti yake na mimi. Mvua ilikuwa imebaki kidogo. Alivuna, lakini hakuvuna kama ambavyo angevuna.

Mama yule sasa anasoma darasa la kisomo. Ananiambia, "Sitaki tena kusomewa na mtu mwenye haraka." Ana haki.

Kwa hiyo, kabla hujafungua chupa ya dawa, soma mambo haya matano:

1. Dawa hii inaua nini? Wadudu, ukungu au magugu? Dawa ya magugu ukiimwagia mboga, utaua mboga.

2. Utepe wa chini ya kibandiko una rangi gani? Nyekundu ni sumu kali sana. Njano inafuata. Kisha buluu. Kijani ina hatari ndogo zaidi, lakini nayo si maji ya kunywa.

3. Ni kiasi gani kwa bomba moja? Na bomba lako ni la lita ngapi?

4. Baada ya kupiga dawa, unangoja siku ngapi kabla ya kuvuna? Ukivuna mapema, unaila sumu wewe na watoto wako.

5. Mwisho wa kutumika ni tarehe gani?

Ukisoma mambo hayo matano, umesoma jambo muhimu kuliko kitabu kizima. Na kama hukuelewa, uliza. Ukiniuliza mimi, niambie, "Bwana Shamba, soma kwanza." Sitakasirika.

VIPI KUHUSU MFUKO WA MBOLEA?

Mfuko wa mbolea nao unasema. Tazama mfuko wa Urea. Umeandikwa 46. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za Urea, kilo 46 ni naitrojeni, yaani chakula kinachokuza majani. Basi mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ukikuta mfuko umeshonwa upya kwa uzi wa mkono, au maandishi yake yamefutika, usiununue. Anayejua kusoma hadanganywi kwa urahisi.

Tena, ukiuza mazao, soma stakabadhi kabla ya kuondoka kwenye mizani. Je, kilo zilizoandikwa ndizo ulizoziona? Je, bei ni ile iliyotangazwa? Soma, kisha weka sahihi. Usipige dole gumba kwa sababu ya uvivu, hali unajua kuandika jina lako.

MATATIZO MAWILI

La kwanza ni macho. Watu wengi waliopita miaka 40 huniambia, "Nimesahau kusoma. Maandishi yanacheza." Mimi mwenyewe nilipata shida hiyo. Nilikuwa nasogeza kitabu mbali, mpaka mkono ukaisha. Nilidhani nimechoka. Nilipokwenda hospitali nilipimwa, nikaambiwa kwamba macho ya watu wa umri huu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Nilipata miwani. Herufi zikatulia. Basi kabla ya kusema umesahau kusoma, kapime macho. Na usisome kwa koroboi yenye moshi. Soma mchana kivulini, au tumia taa ya umeme wa jua kama unayo.

La pili ni kazi za akina mama. Mama anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Analima, anateka maji, anapika, analea. Atasoma saa ngapi? Ewe baba unayesoma safu hii, chukua ndoo ukateke maji mara moja. Au mshike mtoto kwa nusu saa. Nusu saa hiyo ni shule ya mkeo. Mama akisoma kibandiko cha dawa ya mtoto, nyumba nzima inapona.

TUFANYE NINI BASI?

Ndugu msomaji, anza leo. Chagua saa yako moja, hata dakika 15. Weka gazeti hili mahali pa kuonekana, usilifungie chumvi. Ukimaliza kulisoma, mpe jirani. Soma kwa sauti mbele ya watoto. Nunua daftari moja. Andika tarehe uliyopanda, mbegu uliyotumia, na magunia uliyovuna. Mwaka ujao utasoma kitabu ulichokiandika mwenyewe. Hicho ndicho kitabu bora cha shamba lako, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kukiandika.

Bibi yangu alifariki akiwa mzee sana. Tulipofungua sanduku lake tulikikuta cheti chake, kimefifia. Juu yake kulikuwa na ile barua ya mwanawe. Ilikuwa imechakaa na kuchanika kwenye mikunjo, kwa kusomwa.

Mpaka mwezi ujao, ndugu msomaji. Kazi njema, na usomaji mwema.

Bwana Shamba wenu

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bibi alisahau kusoma ingawa alikuwa na cheti?

2. Bwana Shamba alikosea wapi? Mama yule angefanya nini ili kuepuka hasara?

3. Leteni chupa tupu iliyofungwa vizuri, au mfuko wa mbolea. Someni maandishi yake pamoja. Msiiguse chupa ya dawa kwa mikono mitupu.

4. Katika nyumba yako, ni nani hapati nafasi ya kusoma? Utamsaidiaje wiki hii?