Mbio za Hisani na Gharama Isiyoitwa Ada

Mbio za hisani, yaani mashindano ya kukimbia ambayo mapato yake, yote au sehemu, hutengwa kwa ajili ya jambo la kijamii, zimeenea sana Afrika Mashariki, na miongoni mwa madhumuni yanayowavuta wakimbiaji wengi ni elimu ya watoto wanaotoka katika familia zisizo na uwezo. Nia hiyo ni njema na inastahili kuungwa mkono. Linalohitaji kuchunguzwa kwa makini ni njia ambayo fedha hupitia kutoka kwa mkimbiaji hadi kwa mwanafunzi, kwa kuwa njia hiyo, kuliko wingi wa watu waliojiandikisha, ndiyo inayoamua kama mtoto atamaliza shule.

Wapo wanaouliza kwa nini elimu ichangiwe ilhali serikali zimekwisha kufuta ada. Ni kweli kwamba Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003 na kuanza kugharimia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008, na kwamba Tanzania ilifuta ada za kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, kisha za kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hata hivyo, mwanafunzi aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni hupokea, pamoja na barua ya kuitwa, orodha ya vitu anavyotakiwa kufika navyo: godoro, shuka, sanduku la bati, ndoo, sare, viatu vyeusi, madaftari, na mara nyingi rimu ya karatasi. Kwa mzazi anayeishi kwa kibarua, orodha hiyo ndiyo ada yenyewe, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Anayesoma kutwa naye hukabiliwa na suala la chakula cha mchana, na hilo si dogo hata kidogo. Paul Tergat, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin mwaka 2003 kwa kutumia saa 2, dakika 4 na sekunde 55, amesimulia hadharani jinsi chakula kilichotolewa shuleni kwao Baringo na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kilivyomwezesha kuendelea na masomo. Shirika hilo lilimteua kuwa balozi wake mwaka 2004.

Mbio zinazoonyesha njia iliyo fupi kati ya mkimbiaji na mwanafunzi ni zile za Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, zilizoanza mwaka 2000. Hukimbiwa ndani ya hifadhi, kwenye barabara ya vumbi katika nyanda za juu, huku askari wa wanyamapori wakilinda njia na helikopta ikizunguka angani ili kuhakikisha kwamba tembo na faru hawasogelei wakimbiaji. Mapato yake husaidia uhifadhi pamoja na miradi ya jamii, zikiwamo shule. Palipo na hifadhi na shule za majirani zake, mnufaika hujulikana, na mbio zinaporudi mwaka unaofuata mtu yeyote anaweza kuuliza kilichofanyika. Hundi ya maonyesho inayokabidhiwa jukwaani mbele ya kamera haitoi nafasi hiyo.

Uingereza nako kuna funzo. London Marathon, iliyoanzishwa mwaka 1981, imewezesha kukusanywa kwa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa ajili ya mashirika ya hisani, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo inatokana na utaratibu wa ahadi, ambamo mkimbiaji huwaomba ndugu, jirani na wafanyakazi wenzake wamchangie kwa sababu anakimbia. Huku kwetu, mkimbiaji kwa kawaida hulipa kiingilio, akapewa fulana, namba ya kifuani na medali, na wajibu wake ukaishia hapo. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa hakuna jamii iliyozoea kuchangishana kuliko hii: kamati za harusi hugawa kadi, hukumbusha ahadi na kumfuatilia mdaiwa hadi siku ya mwisho, na Kenya ilijenga shule nyingi za sekondari kwa harambee baada ya uhuru. Ustadi huo upo, na haujapelekwa kwenye mbio.

Waandaaji wangefanya vyema kuwaachia wafadhili gharama za fulana, maji, gari la wagonjwa na matangazo, ili kila shilingi iliyoahidiwa kwa jina la mkimbiaji imfikie mwanafunzi. Aidha, mtoto asipokewe katika mpango kabla ya fedha za miaka yake yote minne ya sekondari kutengwa, kwa sababu anayelipiwa kidato cha kwanza kisha akaachwa kidato cha pili hurudi nyumbani akiwa na sare isiyomfaa kitu. Ni afadhali watoto kumi wafikishwe kwenye mtihani wa kidato cha nne kuliko mia moja wapigwe picha siku ya mbio, na hesabu za matumizi zitangazwe magazetini kabla ya usajili wa mwaka unaofuata kufunguliwa.